Kabla Mwezi Haujaandama

Katika kliniki za sukari za mwambao, miezi ya Rajabu na Shaabani hupita kama miezi mingine. Wagonjwa hupanga foleni tangu alfajiri, hutobolewa kidole, huandikiwa namba zao kwenye daftari, huingia kwa daktari na kutoka na karatasi ya dawa. Wengi wao wameshaazimia kufunga Ramadhani. Wengine wameshaagiza tende. Lakini hutoka chumbani humo bila kulitaja jambo hilo, kwa sababu wanajua, au wanadhani wanajua, daktari atawajibu nini.

Mwalimu alikuwa mmoja wao. Ni mama wa Tanga, alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, na jina la kazi likambakia mtaani kwao Ngamiani hata wajukuu wakawa wanamwita Bibi Mwalimu. Mwanawe ndiye anayeandika haya, kwa idhini yake mwenyewe. Sukari iligunduliwa akiwa bado kazini, presha ikafuata baadaye. Dawa zake za sukari zilikuwa za aina mbili, zile zile wanazopewa wagonjwa wengi wa hospitali za umma: metfomini na glibenklamidi.

Alikuwa mgonjwa wa kupigiwa mfano. Hakosi tarehe ya kliniki. Daftari lake amelijalidi kwa karatasi ya kalenda, jinsi alivyokuwa akiwafundisha watoto kujalidi madaftari yao, na kila namba ya sukari ameipigia mstari kwa rula. Nesi mmoja aliwahi kulinyanyua daftari hilo juu na kuwaonyesha wagonjwa wengine kwenye benchi.

Ndani ya chumba cha daktari mambo yalibadilika. Daktari, kijana mdogo kuliko kitinda mimba wake, humwamkia kwa adabu: "Shikamoo, mama." Naye huitikia: "Marahaba, mwanangu." Salamu ikishakwisha, ukubwa huhamia upande wa pili wa meza. Mwanamke aliyezoea kunyamazisha darasa zima kwa kulitazama tu, hukaa ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani, akijibu kwa sauti ya chini. Dawa unakunywa vizuri? Ndiyo, daktari. Chakula unazingatia? Ndiyo, daktari. Kuna tatizo lolote? Hakuna, alhamdulillahi. Kalamu inaandika, karatasi inachanwa, anaitwa anayefuata.

Kumbe kila Ramadhani Mwalimu alikuwa akijipangia dozi mwenyewe. Kidonge cha glibenklamidi cha asubuhi alikihamishia kwenye daku. Kwa hesabu yake hakuna kilichopungua: vidonge ni vile vile, saa tu ndiyo imesogea. Lakini dawa hiyo hufanya kazi kwa kulisukuma kongosho litoe insulini, na haiulizi kama tumboni kuna chakula au hamna. Kuimeza kabla ya alfajiri, kisha kukaa zaidi ya saa kumi na tatu bila kula wala kunywa katika joto la Tanga, ni kuialika sukari ishuke.

Ilishuka katika kumi la kati la mwezi, baada ya alasiri. Mwalimu alikuwa amekaa mkekani na mkwe wake wakimenya viazi vitamu vya futari. Mkwe akaona kisu kimesimama katikati ya kiazi. Akamwita, Mwalimu akamwitikia kwa jina la dada yake, marehemu wa siku nyingi. Feni inazunguka, lakini jasho jembamba limemtanda usoni na vidole vinatetemeka. Mkwe akakoroga maji ya sukari. Mwalimu akaisukuma bilauri: "Nimefunga." Yule binti hakubishana naye. Alimshika bega akamnywesha kijiko baada ya kijiko, akimsemesha muda wote, huku jirani akitafuta bajaji.

Hospitali mashine ilisoma 2.9, na hapo maji ya sukari yameshaingia. Wakamtundikia dripu na kumlaza, maana nguvu ya glibenklamidi hukawia mwilini, hasa kwa mtu mzima, na sukari iliyopandishwa inaweza kushuka tena usiku. Daktari wa zamu akauliza swali moja: "Mama amefunga?" Kisha akalifungua daftari, akalipekua tangu ukurasa wa kwanza. Namba zote zilikuwamo, na mistari ya rula. Neno Ramadhani halikuwamo hata mara moja. Mgonjwa hakulisema na kliniki haikuliuliza.

Alipopata nafuu wanawe walimuuliza kwa nini hakumwambia daktari. Jibu lake linastahili kusikilizwa na kila mwenye kuvaa koti jeupe. "Ningemuuliza, angenikataza," alisema. "Akinikataza nami nikafunga, nimemvunjia heshima. Nisipomuuliza, sijamkosea mtu."

Wanaowalaumu wagonjwa kwamba hawasemi, hudhani kimya chao ni ujinga au woga. Kimya cha Mwalimu kilikuwa adabu. Alikuwa amelelewa kwamba mkubwa wa kazi habishiwi, na kwamba kuomba ruhusa ambayo huna nia ya kuifuata ni utovu wa heshima. Kwa hiyo alimlinda daktari asijue. Na daktari asiyejua, kila mwezi alikuwa akimwandikia dawa mgonjwa ambaye hayupo: mgonjwa anayekunywa chai asubuhi, anayekula mchana, na asiyeonja juisi ya karela anayoletewa na jirani kila Ijumaa. Maana hata karela lilikuwa siri. Karela lenyewe linasadikiwa kushusha sukari, na ndiyo sababu watu hulinywa. Ukilipandisha juu ya vidonge ambavyo vimeshafanya kazi hiyo, mwenye kupanga dozi hana budi kujua.

Jambo hili si la Tanga peke yake. Mwaka 2001 watafiti walifanya uchunguzi uitwao EPIDIAR katika nchi 13 zenye Waislamu wengi, kuanzia Morocco hadi Indonesia, wakahusisha watu wenye kisukari zaidi ya 12,000. Takwimu zilipochapishwa mwaka 2004 zilionyesha kwamba karibu asilimia 79 ya wenye kisukari cha aina ya pili walifunga angalau siku 15, na asilimia 43 ya wenye aina ya kwanza, ambao hutegemea sindano za insulini, walifunga pia. Sukari kushuka kwa kiwango cha kulazwa hospitali kuliongezeka mara 7.5 kwa wale wa aina ya pili. Hao si watu wachache wakaidi. Ni wengi wa wagonjwa wote. Daktari anayefanya kazi mwambao, kuanzia Lamu hadi Kilwa, akamwandikia mgonjwa wa sukari dawa za miezi miwili bila kuuliza habari ya funga, ameacha kuuliza jambo ambalo jibu lake huenda ni ndiyo.

Haki lazima itendeke kwa madaktari nao. Foleni ni ndefu na wao ni wachache. Mwaka 2017 jarida la BMJ Open lilichapisha uchambuzi wa muda ambao daktari wa kawaida hukaa na mgonjwa katika nchi 67. Bangladesh ilikuwa ya chini kabisa, wastani wa sekunde 48. Uswidi ilikuwa juu, dakika 22 na nusu. Katika nchi 18, zenye karibu nusu ya watu wote duniani, wastani ulikuwa dakika 5 au pungufu. Na hata pale muda unapokuwepo, mgonjwa huwahiwa. Huko Marekani, Howard Beckman na Richard Frankel walirekodi mazungumzo ya vyumba vya madaktari, na mwaka 1984 wakaripoti kwamba mgonjwa alikuwa akikatizwa baada ya wastani wa sekunde 18 tangu aanze kueleza kilichomleta.

Sekunde 18 hazitoshi hata kumaliza salamu za Kitanga. Mtu wa pwani akiulizwa hali, huanza na kushukuru, akaulizia watoto, akaulizia kazi, ndipo akakaribia shida yake kwa kuzunguka. Ni ustaarabu mzuri, na barazani hauna mbadala. Lakini mbele ya daktari mwenye watu arobaini nje ya mlango, lile lililokuleta likichelewa kutajwa halitajwi kabisa, au hutajwa umeshasimama, mkono uko kwenye kitasa: "Halafu daktari, kuna kitu kingine..." Mara nyingi kitu hicho kingine ndicho kilichompandisha mgonjwa daladala asubuhi ile.

Mwaka uliofuata familia ya Mwalimu iliamua kwamba daktari ataambiwa mapema, Rajabu, kabla vichwa havijajaa habari za futari. Kuna mwongozo wa kitabibu kuhusu jambo hili, ulioandaliwa na Shirikisho la Kimataifa la Kisukari pamoja na umoja wa wataalamu wa kisukari na Ramadhani, uliotolewa mwaka 2016 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2021. Unashauri mgonjwa anayekusudia kufunga aonane na daktari wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi kuandama. Muda huo unatosha kupima, kubadilisha dawa na kuona mwili unazipokeaje dawa mpya.

Mwalimu alikataa kusemewa. Usiku wa kuamkia kliniki alichukua kalamu, akafungua ukurasa mpya wa daftari, akaandika kwa mwandiko wake ule wa ubaoni: kwamba anataka kufunga, kwamba Ramadhani iliyopita sukari ilimshuka akalazwa, kwamba anakunywa juisi ya karela na uji wa mlonge, kwamba anaogopa kupoteza fahamu mbele ya wajukuu. Hilo la mwisho wanawe hawakuwa wamewahi kulisikia.

Siku hiyo alikuwepo daktari mwingine, mwanamke. Salamu zilipokwisha, kabla ya kuulizwa lolote, Mwalimu alilisogeza daftari mezani likiwa wazi. "Mwanangu, nimeandika, maana nikiwa hapa husahau." Daktari akasoma mpaka mwisho. Akaweka kalamu chini.

"Mama, nikikuambia usifunge kabisa, hutafunga?"

Mwalimu alinyamaza kidogo. "Nitafunga."

"Haya. Basi tuzungumze utafungaje."

Mwanawe, aliyekaa kwenye benchi la pembeni, aliona mama yake akikiegemea kiti kwa mara ya kwanza katika chumba kile. Mgongo uligusa kiti, mkoba ukashuka chini. Kuanzia hapo mazungumzo yalikuwa ya watu wawili wazima.

Daktari hakumpa ruhusa papo hapo. Kwanza alitaka kujua hali ya figo, akamwandikia kipimo cha damu, maana mwenye figo zilizochoka hawezi kuambiwa akae bila maji mchana kutwa. Alimweleza wazi kwamba wapo ambao angewasihi wasifunge hata siku moja: wajawazito wenye sukari, wanaosafishwa damu, wengi wa wale wenye kisukari cha aina ya kwanza, na yeyote aliyepatwa na tukio kama lake ndani ya miezi mitatu kabla ya Ramadhani. "Wewe lako limekaribia mwaka," alisema, "na majibu ya figo yakija mazuri, tuna pa kuanzia."

Majibu yalikuja mazuri. Glibenklamidi iliondolewa moja kwa moja. Tangu mwaka 2013 orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani imetahadharisha kwamba dawa hiyo haiwafai waliovuka miaka 60, na Mwalimu alikuwa ameshavuka. Mahali pake ikawekwa gliklazidi, imezwe wakati wa futari. Metfomini, ambayo peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi, iligawanywa upya: kubwa magharibi, ndogo daku. Karela na mlonge vikasimamishwa mwezi mzima ili namba zisomeke bila kuchanganywa na kitu kingine. Futari nayo ikajadiliwa kwa majina yake, si kwa maneno ya jumla ya kupunguza wanga na sukari: kaimati ngapi, tambi za sukari au zisiwepo, mihogo ya nazi sahani ya aina gani, uji uwekwe nini. Mwalimu alipigania kaimati zake. Akaachiwa mbili.

Kisha likaja suala la kupima mchana. Wengi huamini kwamba kutoboa kidole kunabatilisha funga, kwa hiyo mashine hulala kabatini mwezi mzima, mwezi ambao ndio inahitajika kuliko yote. Masheikh waliolizungumzia suala hili katika mwongozo ule, na wengine wengi, wamesema haibatilishi. Daktari alijua hivyo, lakini hakutaka mama wa umri ule apokee fatwa kutoka kwake. Alimwambia akamuulize imamu wa msikiti wake, arudi na jibu. Imamu alimjibu kwamba kipimo hakina tatizo, akamkumbusha kuwa aya za 184 na 185 za Suratul Baqara zimempa mgonjwa nafasi ya kula na kulipa siku nyingine, na asiyeweza kulipa amlishe maskini. Akaongeza kwamba kauli ya daktari mwaminifu ndiyo inayofuatwa katika kujua nani ni mgonjwa. Daktari na imamu hawakuwahi kuonana. Aliyewakutanisha ni mgonjwa, kwa kumpelekea kila mmoja maneno ya mwenzake.

Aliporudi na jibu hilo, yeye na daktari wakakubaliana mpaka: mashine ikisoma chini ya 3.9, saa yoyote, hata ikibaki robo saa adhana iadhiniwe, anafungua. Ikipita 16.6, anafungua pia na kuja hospitali.

Kabla hajainuka, daktari alimwomba jambo ambalo linamfurahisha Mwalimu hadi leo. "Wewe ni mwalimu. Nifundishe mimi sasa. Jifanye mimi ndiye mgonjwa, nieleze nitakunywa dawa gani na saa ngapi." Mwalimu akafundisha. Alikosea sehemu moja, akageuza dozi ya futari na ya daku, na kosa lile likasahihishwa pale pale badala ya kugunduliwa nyumbani usiku wa manane. Njia hiyo haigharimu kitu na inastahili kutumiwa kila siku katika kila zahanati. Mwaka 2003 mtafiti wa Uholanzi, Roy Kessels, alikusanya tafiti kuhusu kumbukumbu za wagonjwa na kuonyesha kwamba kati ya asilimia 40 na 80 ya maelezo ya kitabibu husahaulika mara moja, na katika yale yanayokumbukwa karibu nusu hukumbukwa vibaya. Daktari asipomwomba mgonjwa arudie, mgonjwa anaweza kuanza mwenyewe: "Ngoja nikurudishie nilivyoelewa, unisahihishe." Hakuna daktari mwenye akili timamu atakayekasirika kwa hilo.

Swali la daktari yule, la kutaka kujua mgonjwa atafanya nini hasa na anaogopa nini, limeandikwa pia na mabingwa wa udaktari. Atul Gawande, daktari wa upasuaji wa Marekani, aliyeliongoza jopo la Shirika la Afya Duniani lililotunga orodha ya usalama wa upasuaji mwaka 2008, ana historia na Tanzania: hospitali ya Ifakara ilikuwa miongoni mwa nane duniani zilizoijaribu orodha hiyo. Moja ya hatua zake za mwanzo kabisa ni mgonjwa mwenyewe, kabla ya nusukaputi, kuulizwa jina lake, anafanyiwa nini na sehemu gani ya mwili. Katika hospitali zile nane, kwa jumla, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Lakini kilichomfundisha Gawande zaidi kilitokea nyumbani kwao. Katika kitabu chake cha mwaka 2014, Being Mortal, anasimulia ugonjwa wa baba yake, Atmaram, mhamiaji kutoka India na yeye mwenyewe daktari wa upasuaji wa njia ya mkojo katika mji wa Athens, Ohio. Mwaka 2006 picha ilionyesha uvimbe ndani ya uti wa mgongo, shingoni. Wakaenda kwa mabingwa wawili. Mmoja, wa Boston, alitaka upasuaji haraka, na maswali mengi ya mzee yakamchosha. Wa pili, Edward Benzel wa Cleveland, aliyapokea maswali yale yale kwa utulivu. Alitambua kwamba chini yake kuna hofu: mzee alitaka kujua kama ataweza kuendelea na kazi, kama atapooza. Wakakubaliana kusubiri, wakichunga dalili. Mzee akaendelea na maisha yake kwa miaka kadhaa.

Upasuaji ulipokuja kuwa wa lazima, mtoto alikuwa ameshamuuliza baba yake maswali magumu: unaogopa nini, uko tayari kuvumilia nini, na nini huko tayari. Mzee alisema anaogopa kupooza mwili mzima kuliko anavyoogopa kufa. Katikati ya upasuaji moyo ukaleta shida, Benzel akatoka kuiuliza familia: tuendelee au tusimame? Gawande akamuuliza lipi kati ya hayo mawili lina hatari kubwa zaidi ya kumpooza baba yake katika miezi iliyo karibu. Kusimama, akajibiwa. Akasema waendelee. Uamuzi huo ulikuwa umeshatolewa na mwenyewe mgonjwa, sebuleni, alipokuwa bado anaweza kuzungumza.

Familia nyingi za Kiswahili zitatetemeka kusoma hilo. Kumuuliza mzazi anaogopa nini kuhusu mwisho wake huonekana kama kumtabiria. Basi anayeona uzito aanze na madogo. Swali la funga linamhusu mtu aliye hai, mwenye nguvu, anayepanga futari, na linamzoeza kila mmoja, mzazi, mtoto na daktari, kusema matakwa yake waziwazi. Waliozoea kuzungumza juu ya kaimati watakuja kuweza kuzungumza juu ya mashine ya kupumulia.

Na anayemsindikiza mgonjwa awe na adabu ya kunyamaza. Ni desturi yetu mtoto msomi kumjibia mzazi: "Mama anasikia kizunguzungu," huku mama yuko pale pale, akili zake timamu. Kazi ya msindikizaji ni kukumbuka, kuandika, na kuuliza mwishoni lile lililosahauliwa. Isipokuwa pale mgonjwa asipoweza kusema, maneno ni yake.

Sheria nayo iko upande wake. Kwa mfano, Kenya ilitoa hati ya haki za wagonjwa mwaka 2013, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa hali yake, njia za matibabu zilizopo, faida na hatari zake, tena kwa lugha anayoielewa inapowezekana. Mafaili yetu huandikwa Kiingereza na mazungumzo hufanyika Kiswahili, na katikati ya lugha hizo mbili mengi hudondoka. Mgonjwa ana haki ya kusema: daktari, hicho ulichoandika, niambie kwa Kiswahili.

Ramadhani ile Mwalimu alifunga siku nyingi na nyingine akafungua. Katika kumi la mwisho, alasiri moja, mashine ilisoma 3.7. Hakumwita mtu. Alikula tende, akanywa maji, akasubiri, akapima tena, kisha akaandika namba zote mbili kwenye daftari na kuzipigia mstari. Siku zilizompita hakuweza kuzilipa zote, akazitolea fidia. Alipokwenda kliniki baada ya Idi, daktari alianza kusoma kutoka ukurasa ule.

Msomaji mwenye sukari, au mwenye mzazi mwenye sukari: Rajabu ijayo usiende kliniki kuchukua dawa tu. Andika kwenye karatasi unachokusudia kufanya, unachokunywa nyumbani ambacho daktari hakukuandikia, na unachokiogopa. Sema mwanzo, mara baada ya salamu, usingoje mlangoni. Mkristo anayeingia Kwaresima naye afanye hivyo hivyo. Na wewe daktari, kama mgonjwa wako hakusema, muulize: "Mama, mwaka huu unafunga?"